Bibi Kizee na Majambazi Watano: Jinsi Filamu The Ladykillers (1955) Ilivyotungwa na Kutengenezwa

1. Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi huikuta kazi ya sanaa ikiwa imekwisha kamilika, na kwa hiyo ni rahisi adhani kwamba kila sehemu yake ilikusudiwa tangu mwanzo. Kwa upande wa filamu, dhana hiyo ni ya hatari zaidi, kwa kuwa filamu ni kazi ya watu wengi, na kila mmoja huingia na tamaa zake, hofu zake na mipaka yake. Makala haya yanaeleza namna filamu moja mashuhuri ya Uingereza, The Ladykillers, ilivyotengenezwa katika studio ya Ealing, magharibi mwa London. Inakusudiwa kuonyesha kwamba mengi yanayosifiwa humo kama ustadi yalizaliwa na ugomvi, na vizuizi, na watu waliokaribia kukataliwa.

Jina la filamu lenyewe lina fumbo. Katika Kiingereza, neno hilo hutumika kwa mwanamume anayewavutia na kuwateka wanawake. Lakini sehemu zake zikitenganishwa, maana yake ni wauaji wa mabibi. Filamu inalirudisha neno kwenye maana yake ya asili, kisha inalicheka, kwa kuwa wanaume wote waliomo wanashindwa kumwua bibi mmoja tu. Watazamaji wa Kifaransa walipewa jina Tueurs de dames, ambalo linahifadhi maana ya pili na kuiacha ya kwanza. Hata tukisema kwa Kiswahili «Wauaji wa Mabibi», hasara ni ileile.

2. Kisa kwa ufupi

Bibi Louisa Wilberforce, mjane wa nahodha, anaishi peke yake na kasuku wake katika nyumba iliyochakaa karibu na stesheni ya King's Cross. Profesa Marcus anakuja kupanga chumba, naye anawaleta wenzake wanne, wakijidai kuwa wanamuziki wanaofanya mazoezi. Kumbe ni majambazi. Huku sahani ya santuri ikipiga muziki wa Boccherini, wao wanapanga kuliibia gari linalosafirisha fedha. Wanaiba pauni 60,000, na tena wanamtumia bibi mwenyewe, bila yeye kujua, kulichukua sanduku la fedha stesheni.

Siri inafichuka pale mkoba wa chombo cha muziki unaponaswa mlangoni na noti kumwagika. Bibi anawaamuru warudishe fedha. Wao wanaamua auawe, lakini hakuna mwenye moyo wa kutenda. Wanaanza kudanganyana na kuuana, mmoja baada ya mwingine, na maiti zinadondoshwa katika mabehewa ya mizigo yanayopita chini ya nyumba. Bibi anabaki hai, na polisi, ambao hawayasadiki maneno yake, wanamwambia azishike fedha hizo.

3. Ndoto na ugomvi

Mtungaji wa kisa, William Rose, alikuwa Mmarekani aliyebaki Uingereza baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Alidai kwamba hadithi nzima ilimjia usingizini, na kwamba alipoamka kazi yake ilikuwa kukumbuka tu. Dai hilo lina mantiki yake. Kisa kina umbo la ngano: watu watano wanaingia katika nyumba ya bibi kizee, na watano hao wanatoweka mmojammoja, kwa hesabu ambayo msikilizaji anaweza kuifuata kwa vidole.

Mwongozaji alikuwa Alexander Mackendrick, aliyezaliwa Boston mwaka 1912 na wazazi wa Skoti, kisha akalelewa Glasgow. Yeye na Rose walikuwa wamekwisha shirikiana katika The Maggie (1954). Hata hivyo, safari hii walikosana vikali, na Rose akaondoka kabla ya kuumaliza muswada. Mackendrick na Seth Holt, aliyekuwa msaidizi katika utayarishaji, walilazimika kuukamilisha kwa kufuata yale aliyoyaacha. Ajabu ni kwamba ufa huo hauonekani. Umbo la ngano lilikuwa imara kiasi cha kuweza kubebwa na mikono mingine, na Rose alipewa tuzo ya Uingereza ya muswada bora, pamoja na kupendekezwa kwa tuzo ya Oscar.

Tazama pia kwamba filamu hii, inayohesabiwa kuwa ya Kiingereza mno, ilitungwa na kuongozwa na watu wawili waliozaliwa Marekani, na kupigwa picha na Otto Heller, mzaliwa wa Prague. Pengine mgeni huziona desturi ambazo mwenyeji amezizoea hata hazioni tena.

4. Bibi aliyedhaniwa dhaifu

Katie Johnson, aliyecheza nafasi ya Bibi Wilberforce, alizaliwa mwaka 1878. Kwa miaka mingi alikuwa amepewa nafasi ndogondogo, zile ambazo mtazamaji husahau kabla ya kutoka ukumbini. Alipopendekezwa, wakubwa wa studio waliona kwamba mwili wake hautastahimili wiki nyingi za kazi. Alichaguliwa mwigizaji mwingine, mwenye umri mdogo zaidi. Lakini huyo alifariki kabla ya upigaji picha kuanza, na Katie Johnson akaitwa.

Yaliyofuata yanajulikana. Yeye aliyeogopwa kuwa atavunjika aliimaliza kazi yake, akawazidi wanaume mashuhuri waliomzunguka, na akatunukiwa tuzo ya mwigizaji bora wa kike wa Uingereza kwa mwaka huo. Alifariki mwezi wa Mei 1957. Hivyo, kosa la wakubwa wa studio lilikuwa sawa kabisa na kosa la majambazi ndani ya kisa: wote waliutazama mwili wa bibi, wakadhani wamekwisha kumjua.

5. Majambazi na vizuizi vyao

Nafasi ya Profesa Marcus ilifikiriwa kwanza kwa ajili ya Alastair Sim, lakini ikaangukia mikononi mwa Alec Guinness. Huyu alijivika meno ya bandia yaliyotokeza na skafu ndefu, akamwumba profesa ambaye wengi walimwona anafanana na Sim mwenyewe.

Peter Sellers, aliyekuwa bado hajafikisha miaka 30, alijulikana kwa sauti yake tu, kutokana na mchezo wa redio wa BBC uitwao The Goon Show. Alijaribiwa kwa nafasi ya bondia mstaafu, One-Round. Nafasi hiyo akapewa Danny Green, na Sellers akapata ya Harry, kijana wa mtaani. Hata hivyo, ustadi wake wa redio haukupotea bure, kwani ndiye aliyetoa sauti za kasuku.

Herbert Lom alikuwa na kizuizi cha namna nyingine. Wakati huo alikuwa akimwigiza mfalme katika tamthilia ya muziki The King and I, jukwaani London, na kichwa chake kilikuwa kimenyolewa. Ndiyo sababu Louis, jambazi katili, anavaa kofia karibu wakati wote. Mtazamaji asiyejua hayo huiona kofia kuwa alama ya ukatili na ya kukosa adabu ndani ya nyumba ya mwanamke. Jambo lililoanza kwa ajili ya kuficha upara likawa sehemu ya tabia ya mhusika.

6. Nyumba iliyoinama

Nyumba ya Bibi Wilberforce haikuwapo. Ilijengwa na mafundi wa studio mwishoni mwa mtaa wa Frederica, juu ya njia ya reli karibu na mdomo wa handaki la Copenhagen, kaskazini mwa King's Cross. Mandhari inayoonekana mbele ya mlango, yaani stesheni ya St Pancras, ilipigwa mahali pengine, katika mtaa wa Argyle. Mtazamaji anaunganishiwa mitaa miwili kuwa mmoja bila kushtuka.

Nyumba hiyo ilifanywa imepinda kwa makusudi. Picha za ukutani hazikai sawa, na bibi anaeleza kwamba ni kwa sababu ya mabomu ya vita. Mackendrick alifafanua baadaye kwamba kisa chote ni mzaha juu ya hali ya Uingereza baada ya vita: nchi ya zamani, iliyoinama, inayoendelea kunywa chai. Studio yenyewe ilikuwa katika hali hiyohiyo. Chini ya Michael Balcon, aliyeiongoza tangu 1938, Ealing ilikuwa imetoa vichekesho kama Kind Hearts and Coronets (1949) na The Lavender Hill Mob (1951). Lakini mwaka uleule wa 1955 majengo yake yaliuzwa kwa BBC. Mackendrick akahamia Marekani.

7. Adabu kama silaha

Kwa wachunguzi wa lugha, jambo kubwa zaidi ni jinsi wahusika wanavyoitana. Bibi Wilberforce anawasemesha majambazi kama mlezi anavyowasemesha watoto waliochafua nguo. Wao, kwa kuwa walianza kwa kujifanya waungwana, wamefungwa na mchezo wao wenyewe: hawawezi kukataa chai, wala kukataa kumsaidia kumkamata kasuku, wala kuwakimbia vikongwe wenzake wanaokuja kuzuru. One-Round peke yake anakosea, akimwita kwa jina lenye maana ya «Bibi Aliyeinama Upande», kana kwamba bibi na nyumba ni kitu kimoja. Na ni yeye huyohuyo anayefikia hatua ya kumtetea. Adabu waliyoivaa kama kinyago imewashika usoni.

Hapa ndipo filamu inapoachana na mafunzo mepesi. Bibi hawashindi kwa werevu, kama mnyama mdogo wa ngano anavyomshinda mkubwa. Yeye hajui hata kwamba anapigana. Nguvu yake ni lugha ya heshima anayoiamini kabisa, mbele ya watu wanaoitumia bila kuiamini.

8. Hitimisho

The Ladykillers imeendelea kuishi. Mwaka 1999 Taasisi ya Filamu ya Uingereza iliiweka ya 13 katika orodha ya filamu 100 bora za nchi hiyo. Ndugu Coen waliitengeneza upya Marekani mwaka 2004. Na mwaka 2011 ilifanywa tamthilia ya jukwaani. Kati ya hizo, ile ya 1955 ndiyo inayobaki kuwa kipimo.

Kwa wanaofundisha na kujifunza utunzi, historia hii inaonya dhidi ya kuuhesabu muswada kuwa kazi nzima. Mtungaji aliondoka, mwigizaji mkuu alikuwa chaguo la pili, jambazi alivaa kofia kwa sababu ya wembe wa kinyozi. Kilichoviunganisha vyote ni fikira moja iliyokuwa wazi kwa kila aliyeishika: usimpime mtu kwa udhaifu unaoonekana. Watengenezaji wa filamu walipata nafasi ya kuisahau fikira hiyo walipomtazama Katie Johnson, na kazi yao wenyewe ikawakumbusha.