Ituri: Kasenyi, kufuata kazi mbali ao kubaki pembeni ya ziwa?

Kasenyi, mji mdogo wa wavuvi kwenye Ziwa Albert, katika wilaya ya Irumu, upo kilometa zipatazo 60 toka Bunia. Mapato ya ziwa yanapungua, na kijana mwenye nguvu anaona njia tatu mbele yake: kuvuka Uganda, kwenda kuchimba dhahabu Mongbwalu, ao kupanda Bunia. Kila njia ina faida yake. Kila moja ina bei yake pia.

Ziwani kwanza. Mitumbwi imekuwa mingi, na nyavu zenye macho madogo zinabeba samaki ambao hawajakomaa. Mvuvi analazimika kwenda mbali zaidi, na huko mbali ndiko kwenye mpaka, ambao hauonekani juu ya maji. Mwaka 2007, Kinshasa na Kampala ziligombana juu ya kisiwa cha Rukwanzi, upande huu wa kusini mwa ziwa. Tarehe 8 Septemba mwaka huo, marais Joseph Kabila na Yoweri Museveni walisaini makubaliano huko Ngurdoto, Tanzania. Lakini mpaka leo, mvuvi mkongomani akikamatwa ng'ambo anaweza kupoteza injini, nyavu na akiba ya miezi mingi.

Kwa upande wa Uganda, kazi inayosemwa sana ni mafuta. Visima vya Kingfisher, wilayani Kikuube, vilianza kuchimbwa Januari 2023, na bomba la kilometa 1 443 linaelekea Tanga, Tanzania. Hata hivyo, sheria ya Uganda inataka wananchi wake wapewe nafasi za kwanza katika kazi za mafuta. Kijana wa Kasenyi asiye na diploma ya ufundi wala karata za kazi ataishia kwenye vibarua.

Wengi wanaifahamu njia hiyo kwa sababu nyingine. Mwisho wa 2017 na mwanzo wa 2018, vita viliwavusha ziwa makumi ya maelfu ya watu wa Ituri, na wengi wao walipelekwa kambini Kyangwali. Uganda inawaruhusu wakimbizi kufanya kazi na kutembea, lakini msaada wa chakula umepunguzwa sana tangu 2023.

Mongbwalu, katika wilaya ya Djugu, inavuta watu kwa bei ya dhahabu, ambayo Oktoba 2025 ilipita dola 4 000 kwa aunsi. Ila bei ya dunia haifiki yote mikononi mwa mchimbaji. Mara nyingi mwenye shimo, yule wanayemwita PDG, ndiye anatoa chakula na vifaa kwanza, na deni linakatwa siku dhahabu inapotoka. Isipotoka, deni linabaki. Tena vikundi vyenye silaha vimeshambulia machimbo ya Djugu mara nyingi.

Bunia, kuna soko, masomo na hospitali. Lakini mji umepokea pia wakimbizi wa ndani wengi, na wote wanatafuta kazi zile zile: kubeba mizigo, motari, biashara ndogo. Aliyekuwa na nyumba yake Kasenyi ataanza kulipa kodi kila mwezi.

Kasenyi imekwisha kuona kazi ikiondoka. Wakati wa ukoloni, meli zilikuwa zikitoka Butiaba, Uganda, na kutia nanga Kasenyi na Mahagi-Port. Miaka ya 1960 maji ya ziwa yalipanda, bandari ya Butiaba ikaharibika, meli Robert Coryndon ikazama, na safari zile zikaisha. Mji haukuisha, kwa sababu mitumbwi ilibaki.

Ndiyo maana jambo la kupima vizuri kuliko yote ni kuuza mtumbwi ili kupata nauli na mtaji. Mtumbwi mmoja haulishi mwenyewe tu: kuna wavuvi anaotoka nao, kuna mama anayekausha ao kutia samaki chumvi, kuna mchuuzi anayewapandisha Bunia. Ukiuzwa, mwanaume anapata pesa ya safari, na bibi yake anayebaki anapoteza samaki wa kuuza. Kuununua tena ni kazi ya miaka.

Kwa jamaa nyingi, njia yenye hatari ndogo ni kugawana: mmoja anatangulia, mtumbwi unabaki kwa ndugu, na watoto wanamaliza mwaka wa shule pahali walipo. Baada ya miezi, ahesabu kile kinachobaki mkononi baada ya chakula, kodi na deni, si kile anacholipwa. Kama kinapita mapato ya ziwa, wengine wamfuate. Kama hakipiti, atarudi na kukuta mtumbwi wake bado ufukoni.