Cheri nyekundu: Jina ni la pombe, maji ni ya sukari

NI nani asiyeijua? Ni lile tunda dogo jekundu, lenye kung'aa kama shanga, ambalo hukaa juu ya keki ya harusi au juu ya bilauri ya aiskrimu. Watoto huligombania hata kabla kisu hakijaletwa. Lakini wako wazee ambao huliondoa na kuliweka kando, kwa kuwa wamesikia kwamba tunda hilo hulowekwa katika pombe.

Je, maneno hayo ni ya kweli? Yalikuwa kweli tupu zamani, na jina la tunda lenyewe ni shahidi.

Jina hilo ni maraschino, na asili yake ni pwani ya Dalmatia, kwenye bahari ya Adriatic, ambayo leo ni sehemu ya nchi ya Kroatia. Huko huota cheri ndogo, nyeusi na kali, iitwayo marasca. Watu wa mji wa Zadar, ambao Waitaliano huuita Zara, walikuwa wakiipika cheri hiyo na kuvuna mvuke wake, wakapata pombe kali nyeupe kama maji. Mwaka 1821 Mwitaliano Girolamo Luxardo alianzisha kiwanda chake cha pombe hiyo mjini humo.

Cheri ni tunda lisilokawia kuoza. Basi kama vile sisi tunavyotia embe na ndimu katika chumvi tukapata achari, wao walizitia cheri katika pombe ile ile ili zikae.

Katika karne ya 19 chupa za cheri hizo zilisafirishwa hadi kwenye mahoteli makubwa ya Ulaya na Marekani. Zilikuwa ghali, chakula cha matajiri. Huko Marekani wauzaji wa mabaa wakaanza kuzidondosha katika kokteli, yaani michanganyiko ya pombe, kama ile iitwayo Manhattan. Cheri ikawa pambo la gilasi.

UIGAJI WAANZA

Kitu kikiwa ghali na kikapendwa, waigaji hawakosekani. Watengenezaji wa Marekani walichukua cheri za kawaida, wakazitia rangi, wakaziweka katika maji ya sukari yenye manukato, kisha wakaziuza kwa jina lile lile. Mwaka 1912 serikali ya Marekani iliamua kwamba jina la maraschino ni la cheri za marasca zilizowekwa katika pombe yake tu. Nyingine zote ziandikwe kuwa ni za kuiga.

Wengi hudhani kwamba pombe iliondolewa kwa sababu ya sheria iliyopiga marufuku ulevi Marekani kuanzia 1920 hadi 1933. Sheria hiyo ilisaidia, lakini uamuzi wa 1912 waonyesha kwamba cheri zisizo na pombe zilikuwa sokoni tayari.

Aliyezipa nguvu ni Ernest Wiegand, mwalimu wa chuo cha kilimo cha Oregon. Cheri za jimbo hilo zilikuwa zikilowekwa zinalegea na kupondeka. Katika miaka ya 1920 Wiegand aligundua kwamba zikitiwa chumvi za kalsiamu, madini yaliyomo katika chokaa, hubaki ngumu. Ndivyo zifanywavyo mpaka leo: hulowekwa katika maji yenye dawa ya salfa na kalsiamu mpaka zipauke, hutolewa kokwa, hutiwa rangi, kisha hushibishwa sukari na harufu ya lozi chungu.

Mwaka 1940 serikali ya Marekani ikakubali kuziita hizo maraschino. Mwigaji akarithi jina la mwenyewe!

RANGI NAYO

Wekundu ule si wa tunda. Mwaka 1976 Marekani ilipiga marufuku rangi iitwayo Nyekundu Na. 4, iliyokuwa ikitumiwa katika cheri hizo. Januari 2025 ikaondoa ruhusa ya Nyekundu Na. 3 katika vyakula, na watengenezaji wakapewa muda hadi Januari 2027.

Kwa hiyo mzee anayeiweka cheri kando hana kosa, wala mtoto anayeigombania hana kosa. Cheri nyingi za kupambia keki hutoka katika maji ya sukari, lakini zingali zipo zinazouzwa zikiwa ndani ya pombe, na jina ni moja. Jina halitoshi kuwa dalili.

Dalili imo katika karatasi iliyobandikwa chupani. Isomwe kabla ya keki kupambwa. Ikitaja pombe, mambo yamekwisha. Ikitaja E120, hiyo ni rangi itokanayo na mdudu, na hukumu yake waulizwe masheikh. Muoka keki aulizwe pia, kwa kuwa yeye ndiye aliyeiona chupa.