Ndani ya Lipiko Hakuna Mtu

Methali unaijua: kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Huwa tunamtupia mwanasiasa tuliyempigia kura wenyewe halafu akaanza kutuvimbia. Lakini hebu ichukue kama ilivyo, uende nayo Newala au Tandahimba, kwenye uwanda wa Wamakonde, halafu uulize swali la kitoto kabisa. Aliyekichonga hakiogopi. Aliyekivaa hakiogopi. Anayekipigia ngoma naye ni jirani, anajua kila kitu. Sasa anayekimbia ni nani, na anakimbia nini?

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Siku hizi ukisema barakoa hapa Tukuyu mtu anakumbuka Korona, ingawa neno ni la zamani sana, limetoka kwenye Kiarabu, na lilihusu kitambaa cha uso cha wanawake kabla halijafika hospitali. Kinyago nalo limepanuka mno. Sanamu yoyote ya dukani ni kinyago. Kwa hiyo nitatumia neno la Wamakonde wenyewe, wa upande wetu na wa Msumbiji: lipiko, na yakiwa mengi, mapiko. Mapiko ni jina la ngoma yenyewe pia, na hilo lishike, tutalihitaji mbele.

Lipiko la kuchezea huvaliwa kama helmeti ya bodaboda: linaingia kichwani lote, halibandikwi usoni tu. Kwa sababu hiyo huchongwa kwa mti laini na mwepesi. Mpingo, ule mti mweusi ambao umewapa Wamakonde jina duniani, haufai kwa kazi hii. Ni mzito kiasi kwamba ukiutupa majini unazama. Mtu hawezi kuruka na gogo la namna hiyo kichwani. Juu ya lipiko mara nyingi hubandikwa nywele halisi za binadamu. Usoni, chale za Kimakonde huchongwa, au hufinyangwa kwa nta ya nyuki ili ziinuke kama ngozi iliyopona. Lipiko la mwanamke huenda likawa na ndonya kwenye mdomo wa juu.

Na macho? Hapa ndipo watu wengi wanapotea. Mchezaji haoni kupitia macho ya lipiko. Anaona kupitia mdomo. Lipiko linakaa limeinama kidogo kwa nyuma, uso wake unatazama juu ya vichwa vya watu, wakati mtu aliye ndani anachungulia kwenye ufa wa midomo. Mwili wake umefungwa nguo tangu shingoni, ngozi isionekane, na njuga zinalia kila anapotikisika. Ukimwangalia machoni, unaangalia mbao. Nadhani hiyo ni nusu ya hofu yenyewe: kitu kinakujia mbio, lakini hakikutazami.

Mapiko huchezwa hasa vijana wanapotoka jandoni na unyagoni. Kwa jadi, wanawake na watoto ambao hawajapita jando waliambiwa kwamba ndani ya lipiko hakuna mtu, yule ni mzimu, aliyekufa amerudi. Mvulana akiingia jandoni anafunuliwa siri: kumbe ni mjomba fulani. Kuanzia siku hiyo naye anakuwa mlinzi wa siri, na anaona dada zake wakipiga kelele na kukimbia.

Utasema, jamani, kweli wanawake walikuwa hawajui? Wanajua miguu ya waume zao, wanajua nani hayupo uwanjani ngoma ikianza. Watafiti waliokaa na Wamakonde wameliona hilo: kukimbia ni sehemu ya mchezo, na mchezo ni wa dhati. Mwanamke anayekimbia hajadanganyika. Anafanya sehemu yake ili mzimu uweze kuwepo. Asipokimbia mtu hata mmoja, pale katikati hubaki mwanaume aliyejifunga matambara anatoka jasho.

Mfano wa mbali unasaidia hapa. Kwenye rasi ya Oga, mkoa wa Akita huko Japani, usiku wa tarehe 31 Desemba wanaume huvaa nyuso za kutisha na makoti ya majani makavu ya mpunga, wanaingia nyumba kwa nyumba wakinguruma na kuuliza kama kuna mtoto mlizi au mvivu. Wanaitwa Namahage. Watoto wanalia kweli kweli. Baba mwenye nyumba, ambaye anamjua fika aliye ndani, anawapokea kwa heshima, anawapa pombe ya mchele, anawahakikishia kwamba mtoto wake ana adabu. Mwaka 2018 UNESCO iliiorodhesha desturi hiyo pamoja na nyingine za Japani za miungu wageni wanaotembelea watu wakiwa wamevaa nyuso. Na si lazima twende Japani. Ukishuka Kyela, ukavuka mpaka pale Kasumulu na kuendelea hadi Malawi ya kati, utawakuta Wachewa na Gule Wamkulu yao, iliyotambuliwa na UNESCO mwaka 2005. Wale hata wakoloni waliwachongea sura na kuwacheza.

Sisi huku Rungwe je? Kuna njia nyingine ya kukutana na wafu. Monica Wilson, aliyefanya utafiti hapa miaka ya 1930 pamoja na mumewe Godfrey, aliandika kwa urefu juu ya misiba ya Wanyakyusa: namna taratibu za msiba zilivyomtenga kwanza marehemu na ndugu zake, kisha zikamrudisha nyumbani akiwa mmoja wa abasyuka, wazee waliotangulia. Na wanaume walicheza msibani wakiwa na mikuki. Marehemu anarudi, ngoma ipo, ila hapo kazi ya kurudi haikuhitaji uso wa mbao.

Sasa turudi kwa lile neno mapiko, ambalo ni ngoma na uso kwa pamoja. Nini kinatokea uso ukiondolewa peke yake?

Tunayo kesi halisi. Mwaka 1984 vitu kadhaa viliibwa kwenye Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, kikiwemo kinyago kimoja cha Kimakonde. Mwaka uliofuata makumbusho binafsi ya Barbier-Mueller ya Geneva, Uswisi, yalikinunua Paris. Mwaka 1990 ikagundulika kwamba ni kile kile. Ungetegemea kirudi mwaka huo huo, si ndiyo? Ilichukua miaka 20. Mkataba wa UNESCO wa 1970 dhidi ya biashara haramu ya mali za utamaduni Tanzania iliuridhia mwaka 1977, ila Uswisi ilijiunga mwaka 2003 tu. Tanzania ikalifikisha shauri UNESCO mwaka 2006, na mwezi Mei 2010 makubaliano yakatiwa saini Paris, kwa usaidizi wa baraza la makumbusho la kimataifa, ICOM. Kwenye karatasi, kinyago "kilitolewa kama zawadi" kwa Makumbusho ya Taifa. Kuzawadiwa mali yako iliyoibwa! Haya.

Kuna hoja nimeisikia mara kadhaa: kama lipiko bila ngoma na bila watu wa kukimbia ni mbao tu, basi likae kioo cha Geneva au kioo cha Dar, tofauti iko wapi? Siikubali. Uso wa Kimakonde una maandishi. Zile chale zina mitindo yake, na wazee wenye chale kama hizo usoni mwao wanapungua kila mwaka kwa sababu vijana hawachanjwi tena. Anayeweza kusimama mbele ya kinyago kile na kusema "hii ni kama ya bibi yangu" anatoka Mtwara au Mueda. Anaweza kupanda basi kwenda Dar. Viza ya Uswisi ni habari nyingine.

Wenyewe mapiko hawakusubiri kioo. Msumbiji, ngoma imepita vita vya ukombozi na imepita miaka ya baada ya uhuru wa 1975 ambapo serikali ya FRELIMO haikupendezwa na mambo ya jando. Vikundi vikabuni sura mpya na kushindana navyo uwanjani.

Siku ukikutana na kinyago cha Kimakonde, dukani Mwenge au kwenye makumbusho, ukaambiwa ni cha zamani na kimechezwa, usihangaike na uso wake. Tazama mdomo kama una nafasi ya mtu kuona njia. Ukiruhusiwa, kipime uzito mkononi. Kisha kigeuze uangalie ndani, pale kichwa kinapokaa, kama mbao imelainika na kuingia weusi wa jasho.