Ku- Moja, Maumbo Mawili ya Kiingereza

Kitenzi cha Kiingereza kikifuatwa na kitenzi kingine, hicho cha pili mara nyingi hutanguliwa na "to", kama katika "want to read", au huongezewa "-ing" mwishoni, kama katika "enjoy reading". Kinachoamua ni kitenzi cha kwanza. Kwa Kiswahili neno ni lilelile pande zote mbili: anataka kusoma, anafurahia kusoma. Mwanafunzi wa Mpwapwa, mkoani Dodoma, aliyekulia katika Kigogo hapati msaada hata nyumbani, kwa kuwa Kigogo nacho hutumia "ku-" hiyo hiyo. "I enjoy to read" kwa hiyo si kosa la uzembe. Ni sarufi ya nyumbani iliyofuatwa kwa uaminifu mahali isipotakiwa.

Mpwapwa jambo hili lina uzito wake, kwa sababu pana chuo cha ualimu cha miaka mingi. Shule za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, na ghafla Kidato cha Kwanza masomo karibu yote huwa kwa Kiingereza. Mwalimu akiingia darasani na "I enjoy to teach", wanafunzi watalichukua kosa hilo hivyo hivyo.

Upo mwelekeo unaosaidia kiasi. "To" hupenda vitenzi vinavyotazama jambo ambalo bado halijatokea: want, hope, decide, plan, promise, agree, refuse. "-Ing" huelekea jambo lililokwisha kuwapo au linaloendelea: finish, enjoy, deny, admit, keep. Lakini "avoid" na "suggest" huchukua "-ing" ingawa jambo lenyewe huenda halijatokea wala halitatokea. Mwelekeo huo si sheria, na vitenzi kama hivyo havina dawa ila kukariri kila kimoja pamoja na mwenzake: si "avoid" peke yake, bali "avoid going".

Sehemu inayostahili muda mrefu zaidi ni ile ya vitenzi vinavyokubali yote mawili, maana ikibadilika. Mchungaji yuko njiani kuelekea Kibakwe na ng'ombe wake. "He stopped to count the cows": alisimama ili awahesabu. "He stopped counting the cows": alikuwa akiwahesabu, akaacha. Herufi chache tu, na kazi yake imegeuka kinyume. Jioni yuko zizini. "I remembered to close the gate": nilikumbuka kufunga lango, yaani sikusahau wajibu. "I remember closing the gate": nakumbuka nilifunga.

Hapo Kiswahili, kinacholaumiwa mara kwa mara kwa kuwachanganya wanafunzi, kinatoa kipimo kizuri. Pale ambapo "ku-" ingeweza kubadilishwa kuwa "kwamba nilifanya", umbo sahihi ni "-ing": amekiri kwamba aliiba, "admitted stealing", amekana kwamba aliiba, "denied stealing". Pale ambapo ingebadilishwa kuwa "ili afanye", ni "to". Kipimo hiki hakifai kwa "enjoy" wala "finish", ila sehemu yake ya "kwamba" kwa "remember" na "forget", na ile ya "ili" kwa "stop", zinaokoa alama nyingi.

Baada ya vihusishi kama "of", "without" na "before", kitenzi huchukua "-ing" daima. Mtego uko kwenye barua za maombi ya kazi, ambazo nyingi hufungwa kwa "I look forward to hear from you". "To" hiyo ni kihusishi, kwa hiyo huandikwa "to hearing". "Make" na "let" havitaki "to" wala "-ing": "let him go", "make them wait".

"Begin", "start" na "continue" hukubali maumbo yote mawili bila tofauti kubwa ya maana: "it began to rain" na "it began raining" zote sawa. Isipokuwa kitenzi cha kwanza chenyewe kikiwa tayari na "-ing", Waingereza hukwepa kurudia umbo hilo, na husema "it is beginning to rain".