Kivuli cha Kifaru cha Mezani

Mwaka 1961 kampuni ya Tamiya ya Shizuoka, Japani, ilitoa kifaru cha plastiki cha kuunganisha, mfano wa Panther ya Wajerumani, kikitembea kwa mota. Ukubwa wake uliamuliwa na betri: ilibidi zienee tumboni pamoja na mota. Hesabu ikaangukia 1/35, kipimo cha ajabu ajabu ambacho leo wapenzi wa vifaru wamekizoea kuliko chochote.

Kwa kipimo hicho kifaru cha Tiger I, chenye mita 8.45 pamoja na mzinga, huwa sentimita 24, na askari wake sentimita 5. Kuunganisha si tabu sana, maana gundi yake huyeyusha kingo za plastiki zikashikana kama chuma kilichochomelewa. Kazi iko kwenye rangi. Mtu anapaka rangi sahihi kabisa, halafu anashangaa kifaru chake kinafanana na cha kuchezea watoto.

Umepunguza kila kitu mara 35, lakini mwanga hukuupunguza. Kichwa cha bolti kwenye kifaru cha kweli kina kivuli kinachoonekana; cha mezani hakifiki hata milimita moja, kivuli kitatoka wapi? Inabidi ukipake. Rangi ya msingi, tuseme ya akriliki, ikishakauka vizuri, chukua rangi ya mafuta ya kahawia iliyokoza, izimue mpaka iwe nyepesi kama chai ya rangi. Gusisha ncha ya brashi kwenye shina la bolti tu. Utaiona ikikimbia yenyewe, ikizunguka bolti na kuingia kwenye mfereji wa jirani. Iliyozidi ifute.

Macho ya askari ndiyo mtego. Ukiweka weupe na mboni, amekuwa mtu aliyekutana na jini. Mimi huchora mstari mmoja wa kahawia chini ya kofia, basi.

Vumbi nalo lina njia zake. Mfano wa Tiger 131, ile Tiger I iliyotekwa na Waingereza Tunisia mwaka 1943 na sasa iko kwenye makumbusho ya Bovington, Uingereza, hauhitaji matope hadi kichwani, ingawa wengi huupaka hivyo. Anzia magurudumuni, panda ukipunguza. Chaki ya rangi iliyosagwa inatosha. Kando ya mlango wa kamanda, buti zinapokanyaga kila siku, pafute.