Kituo chako cha afya kinakujua? (Sehemu ya pili)

Juma lililopita nilieleza tofauti kati ya zahanati, kituo cha afya na kliniki binafsi, na nani anayezisajili. Leo naingia kwenye swali gumu zaidi: mtu asiyesomea uganga atajuaje kama matibabu anayopata yeye na familia yake pale jirani ni mazuri?

Wengi wetu tukiulizwa hutaja jengo, foleni na lugha ya wahudumu. Mambo hayo si madogo. Mjamzito aliyefokewa kliniki anaweza asirudi tena mpaka uchungu umshike, na kwa muda huo wote presha yake haikupimwa wala mkojo wake haukuangaliwa. Lugha mbaya ina madhara ya kitabibu. Lakini lugha nzuri peke yake haitibu nimonia, na vigae vipya havimwambii daktari kwamba mgonjwa wa kisukari aliyekuja Januari hajaonekana hadi Juni.

Mwaka 1966 Avedis Donabedian, daktari mzaliwa wa Beirut aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Michigan, alichapisha makala ambayo wapimaji wa ubora wa huduma za afya wanaitegemea hadi leo. Alisema tuangalie mambo matatu: vitu na watu waliopo, kazi inavyofanyika, na matokeo kwa mgonjwa. La kwanza ni rahisi kuona, la pili ni gumu, la tatu ni gumu kuliko yote. Na sisi binadamu hupenda kupima kile kilicho rahisi.

Tanzania imewahi kulijibu swali hili kwa nyota. Kuanzia mwaka 2015, chini ya mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, vituo vya ngazi ya msingi vilikaguliwa nchi nzima, vya serikali, vya mashirika ya dini na vya watu binafsi, vikapewa alama kuanzia sifuri hadi nyota tano. Karibu vituo 7,000 vilipitiwa katika duru ya kwanza, na takriban theluthi moja havikupata hata nyota moja. Duru ya pili, ya 2017/18, ilikuta vituo visivyo na nyota vimebaki kama asilimia 4. Wakaguzi waliangalia uongozi na utendaji wa watumishi, uwajibikaji kwa wananchi, usalama wa mazingira, na huduma zenyewe.

Ninaliheshimu sana zoezi lile. Lilisema hadharani jambo ambalo wananchi walikuwa wakilinong'ona: kwamba kuna vituo vilivyofunguliwa kwa shangwe vikaachwa bila maji, bila choo kinachofaa, bila mahali salama pa kuteketeza sindano zilizotumika. Ukishalisema, halmashauri inalazimika kutenda. Hata hivyo, kinachoonekana vizuri siku ya ukaguzi ni lile jambo la kwanza la Donabedian. Tangi la maji lipo au halipo. Kazi ya tabibu ndani ya chumba chake, mlango ukiwa umefungwa, hujificha.

Na hujificha kwa namna iliyowahi kupimwa hapa hapa nchini, mkoani Arusha. Watafiti Kenneth Leonard na Melkiory Masatu waliwahoji wagonjwa walipotoka kwa daktari: alikuuliza nini, alikugusa wapi, alikueleza nini? Kisha mtafiti akaingia na kukaa chumbani akitazama. Ghafla kazi ikawa bora: maswali yakaongezeka, vipimo vikafanywa, maelezo yakatolewa. Haikudumu. Kati ya mgonjwa wa kumi na wa kumi na tano, daktari alikuwa amekwisha kumzoea mgeni wake, na kazi ikarudi ilikokuwa mwanzo. Katika utafiti mwingine waliwapa madaktari visa vya wagonjwa wa kubuni ili waone wanajua nini, wakakuta kwamba wanajua mengi kuliko wanayoyatenda. Kwa maneno mengine, kumrudisha darasani mtu anayejua tayari hakutatosha. Na mkaguzi anayekuja mara moja, tena kwa taarifa, anaona siku nzuri kuliko siku zote.

Anayekuwepo siku zote ni mgonjwa. Tatizo ni kwamba hatujafundishwa cha kuangalia.

Chukua mtoto wa miaka miwili mwenye homa na kikohozi. Mganga makini atauliza kwanza kama mtoto anashindwa kunyonya au kunywa, kama anatapika kila kitu, kama amepata degedege, kama amelegea kuliko kawaida. Hata dalili moja kati ya hizo ni ya hatari. Kisha atamwambia mama ainue nguo ya mtoto, atasubiri atulie, na atahesabu pumzi zake kwa dakika nzima huku akitazama saa. Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano anayepumua mara 40 au zaidi kwa dakika anapumua haraka. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 12 kiwango ni mara 50. Ndivyo nimonia inavyotambuliwa katika zahanati isiyo na eksirei, na hakuna mashine inayohitajika. Ikiwa kifua hakikufunuliwa na hakuna aliyetazama saa, lakini antibayotiki imeandikwa, basi ugonjwa umekisiwa tu. Huenda tabibu amekisia sawasawa. Mzazi ana haki ya zaidi ya hapo.

Homa hiyo hiyo inahitaji kipimo cha malaria kabla ya dawa mseto. Ndivyo Shirika la Afya Duniani linavyoelekeza tangu mwaka 2010. Angalia kinachofanyika kipimo kikionyesha hakuna malaria. Kituo kizuri huendelea kutafuta chanzo cha homa. Kituo dhaifu hutoa dawa za malaria vilevile, "kwa tahadhari". Hapa nasi tunahusika, kwa kuwa tumezoea kuondoka tumeridhika tukiwa na mfuko wa dawa na sindano moja, na kumnung'unikia tabibu aliyetuambia ukweli kwamba mafua yatapona yenyewe. Tabibu huyo anastahili sifa. Kila antibayotiki inayotolewa bila sababu huwazoesha vimelea, na siku itakapohitajika kweli inaweza isifanye kazi.

Au chukua upimaji wa presha. Mgonjwa anatakiwa apumzike ameketi kwa dakika tano, mgongo umeegemea, miguu iko sakafuni, mkono uko usawa wa moyo, bila kuzungumza. Ukipimwa huku umetoka kupanda ngazi na unaulizwa maswali, na kitambaa cha mashine kimefungwa juu ya shati, namba inayoandikwa kwenye kadi si yako. Juu ya namba hiyo unaweza kuanzishiwa dawa za maisha, au kunyimwa dawa ulizozihitaji.

Mwisho wa maongezi, je, umeelezwa ugonjwa unaodhaniwa, namna ya kutumia dawa, na ni dalili gani ikitokea urudi upesi hata kama ni usiku? Muda nao una uzito. Uchambuzi wa tafiti kutoka nchi 67, uliochapishwa mwaka 2017, ulikuta wastani wa muda wa mgonjwa mbele ya daktari wa ngazi ya msingi ukianzia sekunde 48 Bangladesh hadi dakika 22 na nusu Uswidi. Simlaumu tabibu mmoja mwenye foleni ya wagonjwa themanini. Wa kuulizwa ni yule aliyempanga peke yake.

Baada ya yote hayo, mgonjwa anaweza kuridhika kabisa na bado akawa hatarini. Mfano mchungu zaidi unatoka Uingereza, ambako kila mtaa una madaktari wa familia na kila mkazi huandikishwa kwao. Katika mji wa Hyde, karibu na Manchester, Harold Shipman alikuwa daktari aliyependwa. Aliwatembelea wazee majumbani, aliwasikiliza, na watu walitamani kuandikishwa kwake. Januari 2000 mahakama ilimtia hatiani kwa kuwaua wagonjwa wake 15, na tume iliyoongozwa na jaji Janet Smith ilihitimisha mwaka 2002 kwamba aliua watu 215, wengi wao wanawake wazee, kwa kuwadunga dawa kali ya maumivu. Mmoja wa waliotangulia kushtuka, mwaka 1998, alikuwa daktari wa kliniki jirani. Fomu za kuruhusu kuchoma maiti zilihitaji saini ya daktari wa pili, naye aliona zinazotoka kwa Shipman ni nyingi mno. Polisi walipoarifiwa mara ya kwanza hawakuona kitu, na vifo vikaendelea kwa miezi kadhaa.

Visa vya aina ile ni nadra mno, na sikusudii kumtia mtu hofu na daktari wake. Ninachotaka kionekane ni mahali ishara ilipotokea: kwenye karatasi zilizohesabiwa na mtu mwingine. Upendo wa wagonjwa haukuiona. Kituo kisichohesabu vifo vyake, rufaa zake na wagonjwa wake waliopotea hakijui kinafanya nini, na wala wewe hutajua.

Sasa mfano wa upande wa pili, ambao kwangu ndio kiini cha makala haya. Mwaka 1961 daktari Julian Tudor Hart alianza kazi Glyncorrwg, kijiji cha wachimba makaa ya mawe kusini mwa Wales. Wakazi walikuwa kama 2,000, na kazi ilikuwa ile ya kila daktari wa ngazi ya msingi: kumtibu anayekuja. Yeye aliongeza jambo moja. Aliamua kumpima presha kila mtu mzima kijijini, awe amekuja kwa kidonda, kikohozi au cheti cha ruhusa ya kazini. Wasiokuja walitafutwa. Majina yaliwekwa kwenye orodha, waliokuwa na presha ya juu walifuatiliwa mwaka hadi mwaka, na kazi ya kituo ilihesabiwa: wangapi wamepimwa, wangapi wana dawa, wangapi presha imeshuka. Zaidi ya miaka ishirini baadaye, vifo vya watu wenye umri chini ya miaka 65 Glyncorrwg vilikuwa pungufu kwa zaidi ya robo kuliko katika kijiji jirani chenye maisha yaleyale lakini kisicho na orodha ya namna hiyo.

Ni Tudor Hart huyuhuyu aliyeandika mwaka 1971 kwamba huduma nzuri huelekea kupatikana kidogo zaidi pale inapohitajika zaidi. Aliyasema hayo akiwa kijijini, akiyaona kila siku. Na jawabu lake halikuwa jengo. Lilikuwa daktari anayejua majina ya watu wake na anayejua nani hajaonekana.

Kukaa na mganga yuleyule kuna faida iliyopimwa. Nchini Norway, watafiti waliangalia kumbukumbu za mamilioni ya wakazi, wakakuta kwamba waliokuwa na daktari yuleyule wa familia kwa zaidi ya miaka 15 walilazwa hospitali kwa dharura na kufariki kwa kiwango cha chini, kwa takriban robo, kuliko waliokuwa naye kwa mwaka mmoja tu. Kwetu watumishi huhamishwa, na zahanati nyingi hazina daktari kabisa. Anayetibu ni tabibu au muuguzi. Lakini mtumishi akihama rejesta inaweza kubaki. Faili la mgonjwa wa presha, likiwa limeandikwa vizuri, humwezesha tabibu mgeni kuanzia pale mwenzake alipoishia badala ya kuanza upya kwa kukisia. Kwa hiyo hali ya rejesta na mafaili ni kipimo cha ubora kinachozidi rangi ya ukuta, na ni kipimo ambacho hata kituo maskini kinaweza kukifaulu.

Maswali ya kuuliza ni mepesi. Mna wagonjwa wangapi wa presha na kisukari walioandikishwa hapa? Wangapi walikuja mwezi uliopita? Asiyekuja anatafutwa na nani? Mtoto aliyekosa chanjo ya surua mnamjua kwa jina? Mgonjwa mliyempa rufaa kwenda hospitali ya wilaya, mlijua kama alifika? Kituo kinachojibu maswali haya kwa kufungua daftari au kompyuta, hata kama majibu yenyewe si mazuri, kimo njiani. Kinachojibu kwa kuonyesha jengo jipya la wagonjwa wa nje hakijalielewa swali.

Kwenye kliniki binafsi, uliza mwenye kituo moja kwa moja. Wewe ndiye unayelipa, au bima yako. Kwenye zahanati na vituo vya afya vya umma, mwenye nafasi ya kuuliza kikaoni ni mjumbe wenu kwenye kamati ya usimamizi wa kituo. Wengi hawamjui hata kwa sura, na ni hasara, kwa sababu tangu 2017/18 fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, na kamati inashiriki kupanga matumizi yake. Vocha za simu za kuwatafuta wagonjwa wa kisukari waliopotea, nauli ya mhudumu wa afya ngazi ya jamii kwenda kugonga mlango wa mama aliyekosa kliniki, mashine ya presha yenye kitambaa cha saizi ya mkono mnene: vyote hivyo vinaweza kuombwa kwenye mpango wa kituo kabla ya bajeti kufungwa. Juma lijalo nitaeleza wajumbe hao wanapatikanaje, wanakaa madarakani kwa muda gani, na mwananchi anawezaje kupeleka hoja yake kwenye kikao chao.