Mbwa aliyekosa mnunuzi: mafunzo ya Dilyn kwa wanaotaka kumchukua mbwa

Alizaliwa na taya lililopinda. Kwa mfugaji wa Wales aliyezalisha watoto wa mbwa kwa ajili ya biashara, kasoro hiyo ilimaanisha hana soko, na asiyeuzika alikuwa akingojea kuuawa. Shirika la Friends of Animals Wales lilimwokoa, likamtunza na kumtafutia jamaa. Mwanzoni mwa Septemba 2019, mbwa huyo mdogo anayeitwa Dilyn aliingia katika makao ya waziri wa kwanza wa Uingereza, wakati huo Boris Johnson. Miezi mitatu baadaye, siku ya uchaguzi wa tarehe 12 Disemba, alipigwa picha akiwa mikononi mwa bwana wake kwenye kituo cha kura.

Dilyn ni mchanganyiko wa Jack Russell, mmoja wa mbwa wanaoitwa terrier. Wasemaji wa Kifaransa watalitambua neno hilo: ni shimo la mnyama ardhini. Mbwa hawa walifugwa ili waingie mashimoni kuwafukuza mbweha. Jina Jack Russell linatokana na kasisi John Russell wa Devon, mpenda uwindaji aliyefariki mwaka 1883.

Hapo ndipo wengi hukosea. Wakiona mbwa wa kilo tano au sita, asiyefika magotini, hudhani ni wa kukaa mapajani. Kumbe ni mfanyakazi. Asipotembezwa na kuchezeshwa kila siku, atachimba bustani, atatafuna viatu na kubweka hadi majirani walalamike. Na si mzigo wa mwaka mmoja: Jack Russell anaweza kuishi zaidi ya miaka kumi na mitatu.

Ndiyo maana makao ya kuokoa wanyama hayamkabidhi mbwa kwa yeyote anayebisha hodi. Katika makao ya Battersea jijini London, yaliyoanzishwa mwaka 1860, anayeomba mbwa huulizwa kuhusu nyumba yake, watoto wake, wanyama wengine alionao na saa anazokuwa kazini. Kisha hukutanishwa na mbwa anayefaa maisha yake, hata kama siye aliyempenda kwenye picha. Hulipa ada, lakini mbwa hutoka akiwa amechanjwa na kuwekewa chipu ya utambulisho chini ya ngozi. Jamaa ikishindwa, makao humpokea tena. Hakuna haja ya kumtupa barabarani.

Sheria nayo imebadilika. Tangu Aprili 2020, maduka na wachuuzi wa England hawaruhusiwi kuuza watoto wa mbwa walio chini ya miezi sita. Mnunuzi aende kwa mfugaji mwenyewe, amwone mtoto pamoja na mama yake, au achukue kwenye makao ya uokoaji. Sheria hiyo ilipewa jina la Lucy, mbwa jike aliyeokolewa mwaka 2013 baada ya kuzalishwa mfululizo katika shamba la Wales.

Kwetu Congo, mbwa wengi hawatoki kwenye makao. Hutoka kwa jirani au barabarani. Maswali ni yale yale: nani atamlisha, atalala wapi, nani atabaki naye mkihama? Linaongezeka moja zito zaidi: amechanjwa? Karibu visa vyote vya kichaa cha mbwa kwa binadamu hutokana na kuumwa na mbwa, na dalili zikishaanza, mgonjwa karibu kila mara hufa. Kabla mbwa huyo hajazoeana na watoto, apelekwe kwa mganga wa wanyama. Akimuuma mtu, kidonda kioshwe kwa maji na sabuni kwa dakika 15, kisha mtu huyo akimbizwe kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Dilyn hakuokolewa na huruma peke yake. Kulikuwa na watu waliomtibu, na waliouliza maswali kabla ya kumtoa. Hayo hayahitaji jumba la waziri.